Ujerumani ina upepo na jua tele, mbona umeme wake ni ghali? Jinsi ya kusoma bei za umeme wa nyumbani Ulaya

Kila baada ya miezi sita Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hutoa jedwali la bei za umeme wa majumbani katika nchi wanachama, na kila linapotoka ubishi ule ule huanza upya. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 Ujerumani ndiyo iliyoongoza kwa ughali: senti 38.35 za euro kwa uniti moja. Ikafuata Ubelgiji kwa senti 35.71, kisha Denmark kwa 34.85. Mkiani kabisa ilikuwa Hungary, senti 10.40, na juu yake kidogo Malta, 12.44, na Bulgaria, 13.00.

Sasa lete jedwali la pili, la nishati jadidifu. Mwaka 2023 Denmark ilipata asilimia 79.4 ya umeme wake kutoka kwenye vyanzo hivyo, hasa upepo. Ujerumani ilikwisha kuvuka nusu. Malta ilikuwa na asilimia 10.7 tu, na Hungary 19.5. Ukiyaweka majedwali haya mawili bega kwa bega, jibu linaonekana kujileta lenyewe: wenye mitambo ya upepo na paneli za jua wanalipa ghali, wasio nayo wanalipa kidogo. Na hoja hiyo haibaki Ulaya. Huku kwetu pia inatajwa, kila inapozuka mijadala ya sola na upepo, kama onyo la yale yatakayotupata.

Onyo hilo limejengwa juu ya msingi mbovu. Namba zote nilizotaja ni sahihi, lakini bei anayolipa mtu nyumbani na gharama ya kuuzalisha umeme ni vitu viwili tofauti, na kati yake wamesimama serikali, wenye nyaya na utaratibu wa mnada. Asiyejua kila mmoja anachukua nini hawezi kusema lolote la maana kuhusu upepo wala makaa ya mawe.

Kwanza tuelewane tunapima nini

Uniti ni ile ile ya LUKU: kilowati moja ikitumika kwa saa nzima. Kwa mteja wa kawaida wa Tanzania, asiye kwenye kundi la matumizi madogo, shilingi 1,000 humpa uniti 2.8, yaani takriban shilingi 357 kwa uniti. Senti 38 za Mjerumani ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa uniti hiyo hiyo moja.

Nyumba anayoizungumzia Eurostat katika bei hizi ni ile inayotumia kati ya uniti 2,500 na 5,000 kwa mwaka, sawa na uniti 208 hadi 417 kwa mwezi. Hiyo ni nyumba yenye jokofu, mashine ya kufulia, mara nyingi na jiko la umeme. Mwenye nyumba ndogo au kubwa kuliko hiyo hulipa bei nyingine, kwa sababu bili nyingi za Ulaya zina kiasi cha kudumu cha kila mwezi ambacho hulipwa hata kama hujawasha taa.

Nishati jadidifu ni ile isiyokwisha kwa kutumiwa: maji ya mito na mabwawa, upepo, jua, jotoardhi, na mabaki ya mimea na misitu. Nyuklia haimo. Haitoi moshi wa kaboni kama makaa ya mawe, lakini inachoma madini ya urani, kwa hiyo hesabu za Ulaya huiweka kando. Ndiyo maana Ufaransa, ambayo kwa kawaida hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kutoka kwenye vinu vya nyuklia, haionekani juu kwenye orodha ya nishati jadidifu ingawa umeme wake ni miongoni mwa ulio safi zaidi barani.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao hata magazeti makubwa huuangukia. Umeme ni sehemu tu ya nishati. Petroli ya gari, gesi ya kupashia nyumba joto na mafuta ya viwandani navyo ni nishati. Mwaka 2023 nishati jadidifu ilikuwa asilimia 45.3 ya umeme wote uliotumika katika Umoja wa Ulaya, lakini takriban robo tu ya nishati yote. Mtu akikuambia "Ulaya imefika nusu" na mwingine akakuambia "Ulaya imefika robo", huenda wote wawili wanasema kweli.

Bili ina vipande vitatu

Bili ya umeme ya Ulaya huvunjika mara tatu. Kipande cha kwanza ni umeme wenyewe: gharama ya kuuzalisha au kuununua sokoni, pamoja na faida ya kampuni inayokuuzia. Cha pili ni nyaya, yaani njia za msongo mkubwa, vituo vya kupoza umeme, transfoma na waya unaoingia nyumbani kwako. Cha tatu ni kodi na tozo za serikali. Kwa wastani wa Umoja wa Ulaya kipande hiki cha tatu huchukua kama robo ya bili, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa sana baina ya nchi na nchi.

Denmark ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Katika nusu hiyo ya kwanza ya mwaka 2025 karibu nusu ya bei yake ilikuwa kodi: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, na juu yake kodi maalumu ya umeme ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa kubwa kabisa barani. Ukiziondoa kodi hizo, umeme wa Denmark unarudi katikati ya kundi. Upepo wa Bahari ya Kaskazini haukuipandisha Denmark hadi nafasi ya tatu. Ni bunge lake lililoamua, kwa miongo kadhaa, kukusanya mapato kupitia soketi ya ukutani.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uholanzi, kwa sababu unamaliza ubishi kwa haraka. Nusu ya kwanza ya mwaka 2022, Eurostat iliandika kwamba kaya za Uholanzi zililipa chini ya senti 6 kwa uniti, bei ya chini kuliko nchi zote za Umoja. Mwaka mmoja baadaye, nusu ya kwanza ya 2023, Uholanzi hiyo hiyo ilikuwa ya kwanza kwa ughali: senti 47.5. Hakuna nchi inayoweza kubomoa mitambo yake yote na kujenga mingine ndani ya miezi 12. Mwaka 2022 serikali iliongeza sana punguzo la kodi ya nishati ambalo kila nyumba hupewa, na takwimu ziliposoma bei baada ya kodi, punguzo hilo liliishusha karibu na sakafu. Mwaka uliofuata nafuu hiyo ikaondolewa, na mikataba ya bei ya zamani ilikuwa imekwisha huku mipya ikibeba bei za wakati wa vita ya Ukraine. Yeyote aliyetumia jedwali la 2022 kuwasifu Waholanzi kwa umeme rahisi, na yeyote aliyetumia la 2023 kuwacheka, wote walikuwa wakisoma sheria ya kodi wakidhani wanasoma mitambo.

Ujerumani na deni la wa kwanza

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu kwa Ujerumani nishati jadidifu iliwahi kweli kupandisha bili.

Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyomhakikishia yeyote atakayefunga paneli au mtambo wa upepo bei maalumu kwa kila uniti atakayoingiza kwenye gridi, kwa miaka 20. Wakati ule teknolojia ya jua ilikuwa ghali mno, hivyo bei iliyoahidiwa kwa umeme wa paneli ilikuwa zaidi ya senti 50 kwa uniti. Tofauti kati ya bei hiyo na bei ya soko ililipwa na watumiaji kupitia tozo kwenye bili. Tozo ikapanda kadiri miaka ilivyopita, na mwaka 2017 ikafika senti 6.88 kwa uniti. Kwa nyumba inayotumia uniti 3,500, hiyo ilikuwa zaidi ya euro 240 kwa mwaka. Viwanda vinavyokula umeme mwingi vilipewa msamaha wa sehemu kubwa ya tozo, kwa hiyo kaya na biashara ndogo zilibeba mzigo uliozidi sehemu yao. Nadhani hilo lilikuwa kosa la haki kuliko la uhandisi.

Fedha hizo hazikupotea bure. Oda za Wajerumani ndizo zilizosaidia kuvipa viwanda vya paneli soko, hasa China, na bei ya paneli duniani ikaporomoka. Leo mkulima wa Iringa anayenunua paneli ya kuendeshea pampu ya maji ananufaika na bei iliyoshushwa kwa sehemu na bili za mama wa nyumbani wa Stuttgart. Mwaka 2025 mtu anayefunga paneli mpya juu ya paa Ujerumani na kuuza ziada yake kwenye gridi anaahidiwa chini ya senti 8. Kwa hiyo Ujerumani inalipia mikataba ya zamani, ya enzi ambayo teknolojia ilikuwa changa. Nchi inayoanza sasa haiurithi mzigo huo.

Na tozo yenyewe? Ilifutwa tarehe 1 Julai 2022. Mikataba ya zamani bado inalipwa, mabilioni ya euro kila mwaka, lakini sasa inalipwa kutoka bajeti ya serikali kuu. Gharama ni ile ile, na kwenye bili haionekani tena. Ukilinganisha Ujerumani ya 2021 na ya 2023 bila kujua hili, unalinganisha vitu visivyofanana.

Basi kama tozo imefutwa, kwa nini katika nusu ya kwanza ya 2025 bado iliongoza kwa ughali? Kwa sababu ya vipande vingine viwili, nyaya na umeme wenyewe, na kwa kodi zilizobaki: asilimia 19 ya ongezeko la thamani na senti 2.05 za kodi ya umeme kwa kila uniti.

Mnada unaomfuata muuzaji wa mwisho

Hiki ndicho kipengele kigumu kuliko vyote, na ndicho kinachojibu swali ambalo watu wengi wa Ulaya huuliza kwa hasira: kama upepo ni bure, kwa nini bei yangu inafuata gesi ya Urusi au ya Marekani?

Chukua soko ambalo leo linahitaji matenga 100 ya nyanya. Mkulima wa jirani ana matenga 40 na yuko radhi kuuza kwa shilingi 10,000 kila tenga. Wa kijiji cha pili ana 40, anataka 20,000. Matenga 20 yaliyobaki yanatoka mbali kwa lori, na mwenye lori hawezi kushuka chini ya 60,000. Sheria ya soko hili ni kwamba wote hulipwa bei ya tenga la mwisho lililohitajika. Kwa hiyo wote, hata mkulima wa jirani, wanalipwa 60,000.

Hivyo ndivyo umeme wa jumla unavyouzwa katika sehemu kubwa ya Ulaya. Kila siku wazalishaji hutoa bei zao kwa kila kipindi cha siku inayofuata. Upepo, jua na maji ya mto huingia kwanza kwa sababu hayanunui mafuta, nyuklia hufuata, kisha makaa ya mawe na gesi, ambavyo hulipia mafuta na pia vibali vya kutoa hewa ya ukaa. Mtambo wa mwisho unaohitajika ili taa zisizimike ndio unaopanga bei ya wote. Mara nyingi huo ni wa gesi.

Angalia sasa kinachotokea mkulima wa jirani akiongeza matenga yake kutoka 40 hadi 55. Soko lina matenga 95 ya karibu, bado matano yanakosekana, lori bado linahitajika, na bei inabaki 60,000. Akifika 60, lori haliji, na bei inaanguka ghafla hadi 20,000. Nchi inaweza kuongeza upepo na jua miaka mingi bila bei ya saa za jioni kusogea, kwa sababu jioni jua limezama na gesi ndiyo inayoziba pengo. Halafu katika saa nyingine, mchana wa Mei wenye jua na upepo, gesi haihitajiki kabisa na bei inaporomoka. Mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na saa 457 ambazo bei ya mnada ilikuwa chini ya sifuri, yaani wazalishaji walilipa ili umeme wao uchukuliwe.

Utaratibu huu ndio ulioifanya vita ya Ukraine iingie kwenye kila jiko. Gesi iliyokuwa ikiuzwa karibu euro 20 kwa megawati-saa (yaani uniti 1,000) kabla ya mgogoro ilivuka euro 300 Agosti 2022. Mwaka huo huo vinu vingi vya nyuklia vya Ufaransa vilisimamishwa baada ya kugunduliwa nyufa za kutu kwenye mabomba. Wakati fulani zaidi ya nusu ya vinu vyote 56 havikuwa vikifanya kazi. Na ukame ukapunguza maji mabwawani kutoka Italia hadi Norway. Gesi ikapanga bei karibu kila saa, na hata umeme wa maji uliozalishwa kwa senti chache ukauzwa kwa bei ya gesi.

Baadhi ya nchi zilijitetea. Juni 2022 Hispania na Ureno zilipewa ruhusa maalumu ya kuweka ukomo kwenye bei ya gesi inayotumika kuzalisha umeme, na bei zao za jumla zikawa chini ya za majirani kwa miezi mingi. Swali la kuufuta mnada wenyewe lilijadiliwa kwa kina Brussels. Jibu lililokuja na mageuzi ya 2024 lilikuwa kuuacha, lakini kusukuma umeme mwingi zaidi kwenye mikataba ya muda mrefu ya bei maalumu: soko likiwa chini ya bei ya mkataba, mzalishaji anaongezewa, likiwa juu, anarudisha ziada. Mikataba ya aina hii, ambayo Uingereza imekuwa ikiitumia kwa miaka, ndiyo njia ninayoiona ya haki zaidi, kwa sababu inamlinda mwenye mtambo asifilisike na inamzuia asivune faida ya vita.

Nyaya hazisomwi kwenye jedwali

Upepo mwingi wa Ujerumani unavuma kaskazini, pwani. Viwanda vikubwa vingi viko kusini, Bavaria na Baden-Württemberg. Njia za msongo mkubwa za kuunganisha pande hizi mbili zimechelewa sana. Ule mradi mkuu, SuedLink, wa kama kilomita 700, ulisukumwa chini ya ardhi baada ya wakazi kukataa minara, na kukamilika kwake kumepangwa mwaka 2028. Wakati njia hazitoshi, waendesha gridi hulazimika kuwalipa wenye mitambo ya kaskazini wapunguze na wa kusini wawashe. Shughuli hiyo iligharimu zaidi ya euro bilioni 3 mwaka 2023, na inalipwa kupitia kipande cha nyaya kwenye bili. Hii ni gharama halisi ya kuhamia kwenye nishati jadidifu, na anayedai kwamba upepo hauna gharama nyingine zaidi ya mtambo hasemi kweli.

Sweden ilitatua sehemu ya tatizo hili kwa njia ya wazi zaidi: tangu Novemba 2011 imegawanywa katika kanda nne za bei. Kaskazini, kwenye mito mikubwa na watu wachache, umeme wa jumla huwa rahisi. Kusini, karibu na Malmö, huwa ghali. Nchi moja, kiwango kimoja cha nishati jadidifu, bei nne.

Norway imepitia jambo zito zaidi. Karibu umeme wake wote unatokana na maji, na kwa vizazi wananchi wamezoea kuuona kama urithi wao, rahisi kiasi cha kupashia nyumba joto bila kufikiri. Mwaka 2021 nyaya mbili mpya za chini ya bahari, kila moja ya megawati 1,400, ziliunganisha kusini mwa nchi na Ujerumani na Uingereza. Mgogoro wa gesi ulipofika, bei za nje ziliingia kupitia nyaya hizo. Kaya za Kristiansand zikalipa bei ambazo wenzao wa Tromsø, kaskazini, hawakuziona. Serikali ikaanza kulipa sehemu ya bili, na tangu Oktoba 2025 kaya zinaweza kuchagua bei maalumu ya øre 50 (øre ni senti ya krone) pamoja na kodi, takriban senti 4 za euro, kwa kipande cha umeme wenyewe. Januari 2025 chama kimoja kilijitoa kwenye serikali ya mseto kwa sababu ya mvutano juu ya sheria za nishati za Umoja wa Ulaya.

Linganisha na Iceland, kisiwa chenye maji na jotoardhi, ambacho hakina waya wowote kwenda bara. Mtikisiko wa gesi wa 2022 haukupata njia ya kuingia kwenye umeme wake. Waya unaoleta msaada wakati wa upungufu ndio huo huo unaoleta bei ya jirani.

Rahisi kwa nani?

Turudi Hungary, bingwa wa bei ya chini. Tangu 2013 serikali yake imeziweka bili za kaya kuwa suala la kisiasa la kwanza, na bei ikashushwa kwa amri. Agosti 2022 hata yenyewe ililegeza: bei ya chini ikabaki kwa uniti 2,523 za kwanza kwa mwaka, na zinazozidi hapo zikapandishwa karibu mara mbili. Hungary ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 27, kubwa kuliko nchi yoyote ya Umoja, na bado bei iko chini, kwa sababu tofauti kati ya bei ya soko na bei ya bili inabebwa na kampuni ya umma na hazina. Malta nayo imezishikilia bei zake tangu 2014, huku ikitegemea gesi inayoagizwa na waya kutoka Sicily. Raia wa nchi hizi hulipa umeme mara mbili: kidogo kwenye bili, kingine kupitia kodi.

Simaanishi kwamba ruzuku ni mbaya. Mtu mzee asiyeweza kupasha nyumba joto wakati wa baridi anahitaji msaada, na bei iliyodhibitiwa ni aina mojawapo ya msaada. Ninachosema ni kwamba senti 10.40 za Hungary si ushahidi kwamba kuwa na upepo kidogo kunaleta umeme rahisi.

Na kuna ushahidi wa kinyume, ambao wapenzi wa jedwali la kwanza hawautaji. Eurostat hupima bei pia kwa kuzingatia uwezo wa kununua, yaani inaangalia fedha hizo zinanunua nini katika nchi husika. Kwa kipimo hicho, nusu ya kwanza ya 2025, umeme mzito kuliko wote kwa mwananchi haukuwa wa Ujerumani wala Denmark. Ulikuwa wa Jamhuri ya Cheki, ikifuatiwa na Poland. Cheki ni miongoni mwa nchi zenye nishati jadidifu kidogo kabisa katika umeme wake, asilimia 16.4 tu mwaka 2023. Poland ilipata zaidi ya nusu ya umeme wake wa 2024 kutoka kwenye makaa ya mawe, na kila tani ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye dohani zake inahitaji kibali cha kununuliwa. Upande wa pili, Finland ilikuwa ya tatu kwa unafuu kwa kipimo hicho hicho, ikiwa na zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, na sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka nyuklia, pamoja na kinu cha Olkiluoto 3 kilichoanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023.

Hata Finland haithibitishi kanuni kinyume chake. Ina misitu, maji, nyuklia na watu milioni tano na nusu. Inathibitisha tu kwamba mstari ulionyooka kati ya asilimia ya upepo na bei ya nyumbani haupo.

Afrika Mashariki tunaujua ukweli huu vizuri kuliko tunavyodhani. Kenya inapata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi la Olkaria, maji, upepo na jua, na wateja wake wanalalamikia bili. Ukiifungua bili ya Kenya utakuta gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, asilimia 5 ya usambazaji umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Ya Tanzania ina VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya wakala wa nishati vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti. Ile asilimia 3 inafanana kabisa kimuundo na tozo ya zamani ya Ujerumani: mwenye umeme leo anachangia umeme wa kesho. Tunaweza kubishana kama kiwango chake ni sahihi, lakini hakuna anayesema ni bwawa la Julius Nyerere lililoiongeza.

Kwa hiyo ukikutana na jedwali la bei za Ulaya, tafuta safu ya bei kabla ya kodi uilinganishe na ile ya baada ya kodi. Tazama kama serikali imeweka ukomo au ruzuku mwaka huo. Uliza ni chanzo gani kilichokuwa cha mwisho kuitwa kwenye mnada, na kama nchi imefungwa nyaya na majirani wenye gesi. Tafuta pia safu ya uwezo wa kununua. Ukishapita hapo ndipo asilimia ya nishati jadidifu inaanza kukuambia kitu, na mara nyingi inachokuambia ni kuhusu bei ya jumla ya mchana, si bili ya mwisho wa mwezi.

Mtihani mzuri unakuja. Kwa miaka ya 2026 na 2027 Denmark imeishusha kodi yake maalumu ya umeme, kutoka takriban øre 72 kwa uniti hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya, øre 0.8. Ujerumani nayo imetenga euro bilioni 6.5 kutoka hazina kupunguza ada ya njia za msongo mkubwa kwa mwaka 2026. Majedwali ya kipindi hicho yakitoka, angalia Denmark imeshuka nafasi ngapi, kisha uangalie kama kuna mtambo wowote wa upepo uliozimwa.